Nimepigwa USDT 410 kwa pochi ya kripto "mpya kabisa". Wakuu, someni kabla hamjawasha kifaa

Dalali wa Uyole

Wakuu habari za jioni. Huku Uyole baridi ya mwezi wa saba haina adabu, nimejifungia ndani na chai ya Rungwe, nikaona leo nilitoe hili dukuduku. Wa kunicheka acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Mimi ni dalali. Mpunga nautoa Kyela, parachichi Rungwe. Nina mteja wa ng'ambo ya Tunduma ambaye hunilipa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Zamani nilikuwa naziacha kwenye eksichenji tu, yaani soko la kripto la mtandaoni, mpaka moja yao, FTX, ilipoanguka Novemba 2022 na watu wakabaki kuangalia salio wasiloweza kulitoa. Hapo nikasema basi, natafuta kile kifaa cha kutunza ufunguo mwenyewe.

Kosa langu likaanzia kwenye bei. Kuna kundi la Telegram jamaa alikuwa anauza "promosheni". Nikalipa, mzigo ukaja na basi kutoka Dar, nikauchukua stendi ya Nane Nane. Boksi zuri, limevaa nailoni, halijafunguliwa. Ndani kuna kifaa, waya, na kikadi chenye utepe wa rangi ya fedha: kwangua upate maneno yako ya siri. Mimi mtoto wa enzi za vocha, wala sikujiuliza. Nikachukua sarafu ya shilingi hamsini nikakwangua. Maneno 24 yamechapwa safi, yamepangwa kwa namba. Kijikaratasi kikasema nichague "rejesha pochi" niyaingize. Nikayaingiza.

Alhamisi nikahamishia USDT 410. Ijumaa nikashuka Kyela kupakia. Jumamosi narudi, nafungua simu: sifuri. Muamala umeondoka saa nane usiku, mimi nimelala gesti Kyela na kifaa kiko kabatini Uyole, kimezimwa!

Nilichokuja kuelewa kwa kuchelewa ni hiki. Pesa haimo ndani ya kifaa. Iko kwenye blokicheni, lile daftari ambalo kila mtu analiona. Kifaa kinashika ufunguo wa kusainia tu, na ufunguo wenyewe unazaliwa na yale maneno. Mwenye maneno ndiye mwenye mali, hata kama hajawahi kukiona kifaa chako. Yule muuzaji aliyazalisha maneno mwenyewe, akayachapa, akakaa akisubiri mimi nijaze kibubu chake.

Kifaa kipya halali hakiji na maneno. Hakiji na kikadi kilichoandikwa, wala bahasha ya siri, wala namba ya siri iliyopangwa tayari. Kinakuja na karatasi TUPU, na maneno yanatokea kwenye kioo chake mbele ya macho yako. Ukikuta yameshaandikwa, hiyo ni mali ya mtu mwingine.

Sasa nina kifaa cha pili na safari hii nimekwenda taratibu. Nitaeleza kesho, umeme unasinzia.

Mnyalukolo

Kamwene mkuu. Pole sana. Huku Mafinga kuna jamaa wa mbao yalimkuta kama hayo, ila yeye alipiga picha maneno yake kwa simu, picha zikapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, barua pepe ikadukuliwa. Hakuuziwa kifaa feki wala nini. Njia tofauti, shimo lile lile.

Bajaji Kabwe

Nipo paleee nasubiri sehemu ya pili. Ila mkuu milioni na ushee inaondoka saa nane usiku hata polisi huendi?

Msaada_Haraka01

Pole mkuu. Mimi pia niliibiwa nikakata tamaa, lakini kuna mtaalamu mmoja alinirudishia zote ndani ya saa 6. Njoo inbox nikupe namba yake.

Ngosi

Huyo hapo juu mwogopeni kama ukoma. Muamala ukishathibitishwa kwenye blokicheni hakuna mtaalamu wa kuurudisha. Atakuomba "ada ya kufungua" kwanza, halafu atakuomba maneno yako. Fisi anayefuata fisi mwenzake kwenye mzoga. Mods futeni.

Dalali wa Uyole

Bajaji Kabwe, nilikwenda kituoni, nikaandikisha. Yule askari alikuwa muungwana, akaniuliza mara tatu kama hicho kifaa ni simu. Basi.

Haya, sehemu ya pili. Safari hii shemeji yangu aliye Poland aliniagizia Ledger Nano S Plus kutoka duka la mtengenezaji mwenyewe, akaja nayo likizo. Sisemi Ledger ndiyo pekee. Kuna Trezor ya Prague iliyoanza kuuzwa 2014, kuna Coldcard ya Kanada kwa wanaoshika Bitcoin tupu. Lolote litakalokufaa, ila linunue kwa mtengenezaji au muuzaji ambaye mtengenezaji amemtaja kwenye tovuti yake. Lililotumika hata kama ni la binamu yako, mwachie.

Kabla ya kukichomeka nilishusha programu ya kompyuta kutoka tovuti ya kampuni, anwani nikaiandika herufi kwa herufi. Sikutafuta Google maana matangazo ya juu pale mengine ni mitego. Mwaka 2023 programu feki ya Ledger iliingia mpaka kwenye duka la Microsoft na watu wakalia. Sasa kama duka la Microsoft limeingiliwa, wewe kiunga cha WhatsApp unakiamini vipi?

Nikachomeka. Kikaniuliza: kifaa kipya au rejesha? KIPYA. Nikachagua namba ya siri, inaruhusu tarakimu 4 hadi 8, nikaweka 8. Ukikosea mara tatu kinajifuta chenyewe, na hilo ni zuri: mwizi akikiokota Mwanjelwa anapata kipande cha plastiki tu.

Kisha maneno yakaanza, moja moja, kwenye kioo kidogo kama cha saa. Nilifunga pazia. Simu nikaiacha jikoni, nisije nikashawishika kupiga picha. Nikaandika kwa kalamu kwenye kile kikaratasi, 1 hadi 24, halafu kifaa chenyewe kikanirudisha nyuma kunipima neno kwa neno kama nimeandika sawa. Yote yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048 ya Kiingereza, inaanza na abandon inaishia na zoo. Hata kama hujui Kiingereza si tatizo, nakili herufi zilivyo.

Programu ikakikagua kifaa kama ni halisi, kikapita. Nikasasisha programu ya ndani. Hapo watu wengi huanza kuhamishia pesa. Mimi nilishaungua ulimi, hata mtindi naupuliza.

Nilituma USDT 5 tu. Halafu nikakosea namba ya siri makusudi mara tatu. Kifaa kikajifuta, kikawa kitupu kama siku ya kwanza. Wakuu, moyo unadunda hata kama ni USDT 5! Nikachagua "rejesha", nikaanza kuingiza maneno kutoka kwenye karatasi yangu. Nikafika la 24, kikakataa. Maneno si sahihi.

Nikarudia. Kikakataa tena. Nusu saa nzima nimeshika karatasi na tochi. Neno la 17 nilisoma "wall". Nikaangalia ile l ya mwisho, ina kijimkono kimechoka pembeni, wino wa kalamu ulikatika kwa baridi. Ilikuwa "walk". Yote mawili yapo kwenye orodha! Nikaweka walk, kikafunguka, USDT 5 zikaonekana.

Sasa fikiria ningekuwa nimeweka zote, karatasi ile ikakaa miaka mitatu, kifaa kikafa, ndipo naanza kusoma mwandiko wangu mwenyewe.

Isimila

Mkuu umetoa neno lako la 17 hadharani! 😂😂

Dalali wa Uyole

Isimila, nilijua kuna mtu atanikamata hapo 😂. Hayo yalikuwa ya mazoezi. Baada ya kujiridhisha nilizirudisha zile 5 kwenye eksichenji, nikakifuta tena kifaa, nikazalisha maneno mapya kabisa na kuandika kwa HERUFI KUBWA. Karatasi ya kwanza imewashia jiko la mkaa.

Ngosi

Mleta mada amefanya jambo ambalo wengi hatulifanyi. Niongezee kwa nini kifaa kilikataa: neno la mwisho limebeba ndani yake hesabu ya kuhakiki mengine yote. Kwenye maneno 24, ukikosea neno moja kwa bahati mbaya, uwezekano wa kosa kupita bila kugunduliwa ni 1 kati ya 256. Kwenye maneno 12 ni 1 kati ya 16. Na kosa likipita hupati onyo, unafunguliwa pochi nyingine iliyo tupu, unadhani umeibiwa.

Kitu kingine, herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote kwenye ile orodha. Hakuna maneno mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Wall na walk yana herufi nne tu, ndiyo maana hapo ya mwisho ilikuwa kila kitu.

Bajaji Kabwe

Kwa hiyo kifaa kikidondoka kwenye mtaro mvua za mwezi wa tatu, sijapoteza kitu?

Ngosi

Umepoteza bei ya kifaa. Unanunua kingine, hata cha kampuni nyingine inayotumia orodha hiyo hiyo, unaingiza maneno, unaendelea. Ila karatasi ikidondoka kwenye mtaro ule ule siku ile ile, hapo ndugu yangu tunakuja na sanduku la rambirambi.

Mnyalukolo

Na karatasi kwa huku kwetu ni kujidanganya. Mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili, ukungu unaingia hadi kwenye daftari za watoto. Na moto. Wa Mbeya mnakumbuka soko la Mwanjelwa 2006, mkakumbuka soko la SIDO 2017. Walioweka hesabu zao kwenye droo za vibanda waulizeni.

Dalali wa Uyole

Mnyalukolo umegusa penyewe. Mimi nimegonga kwenye chuma. Nilitafuta kipande cha chuma cha pua, kile cha masinki, kimekatwa ukubwa wa kitabu cha hundi, na seti ya herufi za kugonga, zile mafundi wanazogongea namba kwenye chesesi. Herufi nne kwa kila neno, mara 24, jumla 96 kasoro yale maneno ya herufi tatu. Chuma cha pua hakiyeyuki kwa moto wa nyumba, kinahitaji nyuzi 1,400 na kuendelea. Msitumie alumini ya sufuria, ile inalegea kwenye 660.

Ushauri: chora mistari kwa msumari kwanza, weka chuma juu ya reli au nondo nene, gonga mara MOJA kwa nguvu. Ukigonga mara mbili herufi inakuwa na kivuli, E inaonekana kama B. Nimeharibu kipande cha kwanza hivyo hivyo, nikakisaga kwa grainda kabla ya kukitupa.

Bibi Chai

Habari zenu wanangu. Mimi niko Tukuyu, nimestaafu ualimu, kijana wangu ndiye aliyeniingiza humu. Nauliza la wazee. Wewe Dalali ukifa kesho, Mungu apishe mbali, mkeo anajua hicho chuma ni nini? Maana nimeona wajane wakiuza jembe la marehemu kwa chuma chakavu.

Dalali wa Uyole

Shikamoo mama. Ndaga fijo kwa swali hili, limeninyima usingizi wiki nzima.

Mwanzo nilitaka kugawa: maneno 12 kwa mke wangu, 12 kwa mdogo wangu Iringa. Nikajiona mjanja.

Ngosi

Shikamoo mama. Mkuu usigawe hivyo. Ukigawa nusu kwa nusu umetengeneza sehemu mbili za kupotezea badala ya moja. Nusu moja ikipotea, yote imekwenda. Kama unataka kugawa kwa hesabu sahihi kuna vifaa vinavyotoa vipande kadhaa ambapo, kwa mfano, viwili kati ya vitatu vinatosha. Trezor wanayo. Kama huna, weka nakala mbili KAMILI sehemu mbili tofauti.

Wale wanaoogopa mtu kuokota nakala, kuna neno la ziada ambalo unalitunga mwenyewe, wengine wanaliita neno la 25. Mwenye maneno 24 bila hilo anafungua pochi tupu. Lakini sikushauri mtu wa mwaka wa kwanza. Hilo halina hesabu ya kuhakiki, ukikosea herufi moja hakuna anayekwambia umekosea, na ukilisahau hata mimi siwezi kukusaidia. Nimeona wengi wakijifungia nje kwa ufundi wao wenyewe kuliko walioibiwa.

Dalali wa Uyole

Ndicho nilichofanya hatimaye mama. Chuma kimoja kiko kwangu, sisemi wapi. Cha pili kimefungwa kwenye bahasha iliyotiwa gundi, nimesaini juu ya maungio, kipo kwenye sanduku la vitenge la mama yangu kijijini. Aliniuliza: "Ni hati ya shamba?" Nikamwambia ndiyo mama, ni kama hati. Akaweka chini kabisa, chini ya kitenge cha harusi yake. Hapo hata mimi mwenyewe kukitoa itabidi niombe kwa adabu.

Mke wangu nimemkalisha, tukafanya zoezi pamoja: nikakifuta kifaa, yeye akarejesha peke yake na mimi nimekaa kimya pembeni. Ilimchukua dakika arobaini na matusi kidogo. Sasa anajua. Na nimemwandikia ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, HAUNA maneno wala namba ya siri, una sentensi moja nimeipigia mstari: yeyote atakayekuomba maneno, awe ndugu, awe kampuni, awe "mtoa msaada", ni mwizi.

Isimila

Hili la "kampuni" mlisisitize. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, majina, simu na anwani za nyumbani za watu zaidi ya laki mbili. Vifaa vyenyewe havikudukuliwa, ila watu walianza kupokea barua na wengine hadi vifaa feki kwa posta vikisema "tumekubadilishia". Ndiyo maana mimi naagizia S.L.P. ya ofisi, na jina la kawaida. Mambo ya kuandika nyumba ya tatu kutoka kanisani, geti la bluu, hapana.

Bajaji Kabwe

Wakuu mimi ninazo USDT 60 tu, nazo nanunua P2P, mtu kwa mtu, kwa M-Pesa. Ninunue kifaa?

Mnyalukolo

Kifaa chenyewe kinakula pesa inayokaribia hizo zako. Subiri zikue, tumia pochi ya kripto ya kwenye simu kwa sasa, andika maneno yake kwa karatasi, na hiyo simu usimpe abiria apige.

Dalali wa Uyole

Naunga mkono. Halafu siku utakayohamia kuna mawili yaliyonikuta ambayo vitabuni huyaoni.

La kwanza, USDT zangu ziko mtandao wa Tron. Zilifika vizuri, siku ya kuzitoa zikagoma. Kumbe ada inalipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao huo wenyewe, na mimi sina hata moja. Ni fuso limejaa mpunga halina dizeli. Weka TRX kidogo mapema. Na unapotuma hakikisha mtandao wa kule unakotuma na wa huku ni mmoja, USDT ya Tron na USDT ya Ethereum zina jina moja tu.

La pili ni anwani. Ya Tron inaanza na T, ina herufi 34. Kuna virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani ukishakopi, unapesti ya mwizi. Kwa hiyo ninapopokea, ninalinganisha ya kompyuta na ya kioo cha kifaa. Kioo cha kifaa ndicho hakidanganywi kirahisi. Zaidi ya hapo, siku moja nikaona kwenye historia yangu muamala wa 0 kutoka anwani inayofanana na ya mteja wangu, herufi nne za mwanzo na nne za mwisho zile zile. Mtu ameitengeneza makusudi, anategemea niikopi kwenye historia. Tangu hapo nasoma na katikati, na mzigo mkubwa unatanguliwa na USDT 2 za majaribio, namsubiri mteja aniambie zimefika. Ananiita mwoga. Sawa.

Kibo Mtulivu

Nyie wote si mnajua Benki Kuu (BoT) ilishatoa tahadhari tangu Novemba 2019 kwamba hizi si fedha halali nchini? Mnafundishana kuficha.

Ngosi

Tahadhari ipo na ni kweli si fedha halali, dukani hulazimishi mtu akupokelee. Lakini serikali hiyo hiyo kupitia Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutunza ufunguo mwenyewe si kukwepa kodi, kama ambavyo kuwa na sefu nyumbani si kukwepa TRA. Tunza kumbukumbu zako. Tusihamishe uzi.

Bajaji Kabwe

Dalali, swali la mwisho. Zile herufi za kugonga nikimpa fundi wa SIDO anigongee si haraka zaidi? Mkono wake umenyooka kuliko wangu.

Dalali wa Uyole

Yaani uzi wote huu Bajaji, halafu unampelekea fundi maneno 24 yako kwenye karatasi 😂😂. Azima herufi, gonga mwenyewe, rudisha.

Bibi Chai

Na jirani akiuliza unagonga nini usiku wote?

Dalali wa Uyole

Wangu aliuliza, mama. Nikamwambia natengeneza vibao vya majina ya kuku. Siku ya tatu akaja bandani kuvitafuta.

Bibi Chai

Ukamwambiaje?

Dalali wa Uyole

Nimegonga vinne, mama. Jogoo anaitwa Meneja.